Vidanje ya ponti kwenye Impreza WRX: oili ya difu, uani kwako Lubumbashi

Difu ya nyuma ya Subaru Impreza WRX ya miaka ya 2001 hadi 2007, yaani sanduku la gia linalogawia magurudumu ya nyuma nguvu ya injini, inabeba lita 0.8 tu za oili. Chupa moja ya lita inatosha na kubaki. Injini ina taa ya onyo na kijiti cha kupimia, na hata mwenye gari asiyejali sana humkumbuka fundi wa vidanje, yaani wa kubadilisha oili, kila baada ya miezi kadhaa. Difu haina taa wala kijiti. Oili yake ikichakaa, ikiingia maji au ikivuja polepole kwenye sili, hakuna kitakachokuambia mpaka uanze kusikia mvumo chini ya kiti cha nyuma. Na ukishausikia mvumo huo, oili mpya haiwezi kurudisha chuma kilichokwisha kulika.

Kazi yenyewe hata anayeifanya mara ya kwanza anaiweza, na vifaa vyake ni vichache. Ila ina mitego yake, na mmoja wapo unaweza kukuachia gari juu ya stendi, difu tupu, Jumapili jioni maduka yamefungwa. Nimeona heri kuieleza kwa urefu.

Kwanza neno. Hapa Lubumbashi fundi akisema ponti anamaanisha difu, na kizibo chake anakiita bushoni. Wenzetu wa Dar na Mombasa wanasema difu, na mimi nitasema difu ili tusomane wote. Dukani sema ponti, usije ukapewa kitu kingine.

Oili gani, na kwa nini si yoyote

Ndani ya difu kuna pinioni, gia ndogo inayoletewa nguvu na propela shafti, na kuna krauni, gia kubwa inayozungushwa nayo. Pinioni haikai sawa na katikati ya krauni. Imeshushwa chini kidogo. Mpangilio huu unaitwa haipoidi, na Packard ya Marekani iliuingiza kwenye magari yake mwaka 1926. Shafti inashuka, sakafu ya gari inashuka nayo, na meno yanashikana taratibu kwa eneo pana, kwa hiyo hayapigi kelele. Lakini kuna gharama. Meno ya haipoidi hayabingiriki tu, yanateleza moja juu ya jingine yakiwa yamebanwa kwa nguvu kubwa, na mtelezo huo unaikamua oili ya kawaida mpaka chuma kinagusa chuma.

Hapo ndipo GL-5, daraja la oili ya gia za kubanwa hivi, inapohitajika. Ina viungo vya salfa na fosforasi. Uso wa jino ukipata moto kwa msuguano, viungo hivyo vinaungana na chuma na kufanya utando mwembamba sana, na huo utando ndio unaolika badala ya jino. Harufu ya yai viza unayoipata ukifungua chupa ni ya salfa hiyo. GL-4, ambayo ni ya giaboksi nyingi, ina viungo hivyohivyo kwa kiasi kidogo zaidi. Ukiitia kwenye difu ya haipoidi gari litatembea, halitalalamika siku hiyo, na meno yatakuwa yanaliwa kila unapokanyaga mafuta.

Kwa unene, 75W-90 ni chaguo zuri. 80W-90, ambayo ndiyo utakayoikuta kirahisi zaidi madukani kwetu, inafaa pia bila wasiwasi. Namba ya kwanza inahusu baridi, na hata asubuhi za Juni na Julai, tunapotoka na makoti, Lubumbashi haifikii baridi ya kuigandisha 80W. Namba ya pili, 90, ni unene wa oili ikiwa ya moto, na hapo zote mbili ziko daraja moja. Usilipe bei mara mbili kwa ajili ya ile 75.

Tatizo letu kubwa ni duka. Mazungumzo huwa hivi:

"Papa, niko natafuta mafuta ya ponti, litre moja."

"Iko. Ya ponti na ya bwate ni moja tu, papa."

Si moja; bwate ni giaboksi. Geuza chupa usome nyuma: lazima iandikwe API GL-5, kwa herufi zinazosomeka. Chupa iliyoandikwa GL-4 peke yake irudishe. Nyekundu kama juisi ya ngai-ngai ni oili ya giaboksi ya otomatiki, hiyo nayo irudishe. Kagua mfuniko kama pete ya plastiki bado imeshikana na kama karatasi ya ndani haijabanduliwa na kubandikwa upya. Namba za kundi la uzalishaji ziwe zimechapwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye lebo tu. Oili inayopimwa kutoka kwenye fiti, yaani pipa, na kutiwa kwenye chupa ya maji usiinunue kwa bei yoyote. Huenda ni nzuri, huenda ni ya injini iliyokwisha kutumika na kuchujwa kwa kitambaa. Kwa macho huwezi kutofautisha, na difu ya WRX haistahili kubahatishwa.

Jambo la mwisho kabla hujalipa: jua una LSD ya aina gani, yaani kile chombo ndani ya difu kinachozuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake. WRX nyingi za kizazi hiki zina LSD ya mnato nyuma. Ni chombo kilichofungwa chenye umajimaji wake wa silikoni ndani, hakigusani na oili ya difu, hivyo GL-5 ya kawaida inatosha. STI, ndugu wa WRX mwenye nguvu zaidi, nyingi zina difu kubwa zaidi, R180, yenye krauni ya kipenyo cha milimita 180 badala ya 160 za R160 ya WRX, na inakula lita 1.0. Kwa STI nunua chupa mbili, maana lita moja kamili bila kumwaga hata tone ni ndoto. STI yenye LSD ya sahani inahitaji oili iliyoandikwa LS au LSD kwenye chupa, yenye kiungo cha kulainisha msuguano wa sahani. Ukiikosesha, gari litatetemeka na kugonga nyuma kila unapokata kona ya polepole, kama linapogeuka kuingia getini.

Kujua ni ipi, gari likiwa juu, gia huru, breki ya mkono imeachiliwa, magurudumu ya mbele bado chini na yamezuiwa vizuri: zungusha gurudumu moja la nyuma kwa mkono. La pili likienda kinyume kirahisi, difu ni ya kawaida. Likikubali polepole lakini likagoma unapolazimisha haraka, ni ya mnato. Likigoma hata polepole, ni ya sahani.

Gari liwe sawa kama meza

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na kosa lenyewe halionekani. Kiasi cha oili kwenye difu kinapimwa kwa tundu la kujazia: unajaza mpaka ianze kutoka kwenye ukingo wa chini wa tundu. Kipimo hicho ni cha kweli tu gari likiwa limelala sawasawa. Kwenye WRX tundu liko kwenye mfuniko wa nyuma wa difu. Ukiinua nyuma peke yake, pua ya difu inainama mbele, oili inakimbilia huko, na utaendelea kumimina hata baada ya kupita kiasi. Ukiinua mbele peke yake, oili inarudi nyuma, inatoka kwenye tundu mapema, unafunga ukiwa na furaha na difu ina nusu ya chakula chake.

Njia bora kuliko zote ni shimo la garaji, fosi. Garaji nyingi za mjini zinalo, na mwenye nalo anaweza kukuachia kwa bei ya kuelewana. Gari linakaa kwenye magurudumu yake manne, sawa kabisa, na wewe unasimama chini yake badala ya kulala chali.

Kama ni uani, unahitaji jeki ya tani 2 yenye magurudumu na stendi nne, zile fundi anaziita shandeli. Anza na mbele: breki ya mkono imevutwa, gia namba moja, magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe mbele na nyuma. Sababu ni kwamba breki ya mkono ya WRX inashika magurudumu ya nyuma; ukianza kuinua nyuma, haishiki kitu tena. Weka stendi mbele chini ya sehemu zilizoimarishwa za kingo za bodi, kisha nenda nyuma. Nyuma wengi huinulia kwenye difu yenyewe, na inakubalika, mradi jeki ikamate mwili mzito wa difu na kipande cha mbao katikati. Isikamate mfuniko wa nyuma: kwenye nyingi ni wa alumini, una mapezi ya kupoza, na unapasuka. Stendi zikikaa, weka pima maji juu ya kizingiti cha mlango ukiwa wazi. Kiputo kikae katikati. Kisha lisukume gari kwa bega, kwa nguvu, kabla hujaingiza kichwa chini yake.

Udongo wetu mwekundu unadanganya. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji, ukinyeshewa usiku mmoja miguu ya stendi inazama. Chini ya kila stendi weka ubao mnene wa sentimita 4 hivi, upana wa kutosha stendi isifike ukingoni. Na tofali za kuchoma, ambazo kila ua wa Lubumbashi unazo, ni za kujengea na za kuzuia gurudumu lisibingirike. Usiziweke kamwe chini ya gari kubeba uzito. Tofali halipindi kwanza ili ulione. Linapasuka mara moja tu.

Kabla ya kuinua, liendeshe kama kilomita 10, kwenda upande wa Kasapa na kurudi, oili ipate joto. Oili ya moto inatoka haraka na inabeba vumbi la chuma lililotulia chini. Subiri dakika 15 ili ekzosi ipoe, maana inapita karibu na utakapoweka mkono. Fanya kazi mchana, usitegemee taa ya umeme.

Kizibo cha juu kwanza, kila mara

Mfuniko wa nyuma wa difu una vizibo viwili. Cha juu ni cha kujazia, cha chini ni cha kumwagia. Fungua cha juu kwanza. Kikigoma kabisa, bado una oili ndani na unaweza kulishusha gari na kwenda kutafuta msaada. Ukianza na cha chini, oili ikatoka yote, halafu cha juu kikagoma, gari haliendi popote.

Vizibo hivi vina tundu la pembe nne la nusu inchi, yaani milimita 12.7. Raketi yenyewe ya nusu inchi inaingia, au kirefusho chake. Aleni ya pembe sita inayokaribiana nayo kwa ukubwa inaingia pia ukiisukuma, na ndiyo inayoharibu vizibo vya watu: inashika pembe mbili tu, inateleza, na tundu linakuwa duara. Kwa magari ya kuvuta nyuma ya Toyota, Altezza na ndugu zake, tundu ni la aleni ya milimita 10, kazi nyingine ni ileile. GT86 nayo ni aleni ya 10, inakula lita 1.15, na Toyota inaitaka 75W-85 ya GL-5.

Tundu la kizibo utalikuta limejaa matope yaliyokauka mpaka yakawa kama kigae. Yachimbue yote kwa msumari na brashi ya waya hadi uone chuma safi mpaka chini. Hili si la usafi tu. Matope yakibaki, raketi inaingia nusu, na nusu ya kina ni nusu ya nguvu ya kushika. Nyunyizia dawa ya kulegeza kutu kuzunguka kizibo, acha nusu saa. Weka kirefusho ndani, kigonge kwa nyundo mara tatu nne moja kwa moja, si kwa hasira, ili nyuzi zishtuke. Kisha tumia mpini mrefu wa sentimita 50 au 60 na uvute kwa mwendo mmoja wa kuongeza nguvu polepole. Raketi ndogo yenye meno ndani itavunjika kabla ya kizibo kulegea.

Kikiendelea kukataa, usilete moto. Alumini inapanuka kuliko chuma, kwa hiyo kweli joto lingesaidia, lakini tanki la petroli liko jirani tu mbele ya difu. Mimina maji yanayochemka juu ya mfuniko kwa birika, mara mbili tatu, kisha jaribu tena mara moja. Mara nyingi hiyo inatosha.

Cha juu kikifunguka, kirudishe kwa vidole tu, kisha legeza cha chini. Weka beseni la lita 2 chini, sogeza uso pembeni, na ukitoe. Rudi ukitoe kile cha juu ili hewa iingie, oili inatoka haraka zaidi. Acha itiririke dakika 20, mpaka matone yawe ya kuhesabika.

Isome oili kabla ya kuitupa

Ikusanye kwenye chupa ya plastiki nyeupe na uitazame juani. Nyeusi, yenye harufu kali, bila vipande: ni umri tu. Kama kizibo cha chini kina sumaku, utakuta ute wa kijivu kama dawa ya meno umeishika. Huo ni wa kawaida, hasa kama haijawahi kubadilishwa. Uchukue kati ya vidole na uusugue. Ukiwa laini kabisa, futa uendelee. Ukihisi chembe, zitazame. Vipande bapa vyembamba vinavyong'aa vinatoka kwenye uso wa meno au wa beringi uliokwisha kuanza kubanduka. Kipande chenye umbo, chenye pembe, unachoweza kukishika kwa kucha, ni jino au kipande cha beringi, na hapo usifunge difu ukajifanya hujakiona. Mfuniko ufunguliwe.

Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Kwetu hili linatokea kuliko watu wanavyodhani, na sababu yake inaeleweka vizuri. Juu ya difu kuna kipumulio, kijitundu kinachoruhusu hewa ya ndani kutanuka na kusinyaa. Umekwenda kilomita 40, difu ni ya moto, hewa ndani imetanuka. Mvua ya Januari imejaza barabara, unaingia kwenye maji yanayofika nusu ya gurudumu. Difu inapoa kwa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, na inavuta chochote kilicho karibu na kipumulio au ukingo wa sili. Kilicho karibu ni maji. Maji hayachanganyiki na oili vizuri, yanavunja utando wake, na gari likilala wiki moja, beringi zinaanza kutu pale roli zilipogusana na njia yake. Kutu hiyo ndiyo inayokuja kuvuma miezi mitatu baadaye, wakati mvua umekwisha kuisahau.

Ukikuta maziwa, vidanje moja haitoshi. Tia GL-5 ya bei nafuu, tembea kilomita 50 hadi 100 taratibu, imwage, kisha tia ile nzuri. Na kipumulio kisafishe. Vumbi jekundu likichanganyika na oili kidogo linakiziba kama udongo wa mfinyanzi, na kipumulio kilichoziba kina shida yake tofauti: difu ikipata moto presha inapanda na oili inatafuta njia kwenye sili za mashafti. Watu wengi wanabadilisha sili mara mbili, mara tatu, na kilichohitajika ni kukizungusha kipumulio kwa vidole na kukipuliza.

Kujaza

Futa vizibo, futa nyuzi za tundu kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi. Vizibo vingine vya WRX vinakaa na washa ya alumini, vingine havina washa, vina gundi ya gasketi kwenye nyuzi. Fuata ulichokikuta. Washa ibadilishwe kila mara. Ya zamani imekwisha kubonyea na haitabonyea tena vizuri. Gundi ipakwe kidogo kwenye nyuzi za katikati, iache zile za mwanzo ili isisukumwe ndani.

Funga cha chini. Kwa kipimo cha nguvu lenga kati ya 45 na 50 N·m. Asiyekuwa na spana ya kupimia ajue hivi: kwa mpini wa sentimita 30 ni kama kuvuta uzito wa kilo 16, kwa mpini wa sentimita 50 ni kilo 10 tu. Yaani mpini ule uliofungulia kizibo ni mrefu mno kukifungia. Nyuzi za alumini zikichanika, mfuniko mzima unaondoka, na mfuniko wa WRX hauokotwi kirahisi katika mji huu.

Sasa oili mpya. Chupa haiwezi kuinamishwa pale, nafasi hakuna. Wenye pampu ya mkono wamemaliza. Asiye nayo anunue mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, wa mita 2, na faneli. Mwisho mmoja unaingia kwenye tundu sentimita 5 hivi, mwingine unapanda kwenye nafasi ya gurudumu na kufungwa kwa waya juu ya tairi, na mtu wa pili anamimina. Oili ya GL-5 ni nzito, asubuhi ya Julai itakaa kwenye mpira kama asali. Weka chupa kwenye ndoo ya maji ya moto dakika 10 kwanza. Au tumia bomba la sindano la mililita 60 lililovishwa kipande cha mpira: mara 13 na kidogo, lita 0.8 zimeingia. Ni polepole, ila unajua hasa umetia kiasi gani, na kwa difu ndogo hivi mimi naipenda njia hii kuliko zote.

Hesabu, usijaze kwa macho peke yake. Oili ikianza kutoka kwenye tundu ukiwa umetia lita 0.5 tu, gari halijalala sawa, au ya zamani haikutoka yote. Ukipita lita 1.0 kwenye R160 na bado haitoki, simama na urudi kwenye pima maji. Ikifika mdomoni, acha dakika 5 itulie, ongeza kidogo, acha ya ziada idondoke mpaka iwe matone, kisha funga.

Usijaribu kumalizia chupa ndani kwa kuwa umeilipia. Oili iliyozidi inapigwapigwa na krauni inapata povu, povu halilainishi, linapata moto, na linatoka kwa kipumulio mpaka linachafua sehemu yote ya chini. Zilizobaki mililita 200 zifunge, ziandikie, zitakufaa kuongezea.

Usichanganye vizibo vya mbele

Neno kwa wanaodhani wakimaliza nyuma wamemaliza. WRX inavuta kwa magurudumu manne, na ina difu ya mbele. Kwenye gia za mkono za spidi 5, difu hiyo inaishi ndani ya giaboksi na inatumia oili ileile, lita 3.5 za GL-5. Kwenye otomatiki, difu ya mbele ina chumba chake, kijiti chake chenyewe na lita 1.2 zake za GL-5, mbali na oili ya otomatiki.

Hapo kuna kosa ambalo limeua giaboksi nyingi za Subaru. Kizibo cha kumwagia oili ya giaboksi kiko nyuma kidogo ya kile cha injini. Anayelala chini kwa mara ya kwanza anafungua cha nyuma, inatoka oili, anaamini amemwaga ya injini. Anafunga, anatia lita 4 juu ya zile ambazo bado zimo ndani ya injini. Gari linaondoka na injini iliyojaa maradufu na giaboksi iliyo tupu. Ishara ya kukuokoa ni harufu: ikitoka salfa, si ya injini. Simama hapo hapo.

Na matairi. Difu za Subaru zinakufa kwa matairi yasiyolingana kuliko zinavyokufa kwa oili mbaya. Wanaonunua okazyo, matairi yaliyokwisha kutumika, moja moja sokoni, moja jipya na tatu zilizolika, wanazilazimisha difu kufanya kazi ya kona hata kwenye barabara iliyonyooka ya Likasi, na ile LSD ya mnato inapika umajimaji wake mpaka inashikana. Pima mzingo wa kila tairi kwa futi ya fundi cherehani, presha zikiwa sawa. Tofauti kati ya kubwa na dogo isizidi milimita 6.

Barabarani

Lishushe gari, kaza nati za magurudumu kama uliyatoa, na nenda Kipushi na kurudi, kama kilomita 60. Zima redio. Mvumo unaokuja ukikanyaga na kupotea ukiachia unaelekeza kwenye meno au beringi ya pinioni. Mvumo unaobadilika ukikata kushoto au kulia, mara nyingi ni beringi ya gurudumu, difu haina hatia. Kwa LSD ya sahani, tafuta uwanja na uzunguke umbo la namba 8 polepole mara 10 hadi 12, ili oili mpya ipenye kati ya sahani.

Ukirudi, pitisha kidole kavu chini ya vizibo vyote viwili. Rudia asubuhi, na tena baada ya kilomita 500. Unyevu kidogo baada ya kufunga unaweza kuwa ule uliomwagika wakati wa kujaza. Tone linaloning'inia si huo.

Kwa barabara zetu, vumbi miezi sita na maji miezi sita, naibadilisha oili ya difu kila kilomita 20,000, na kila mara gari likipita kwenye maji ya kufika katikati ya gurudumu nafungua kizibo cha juu nichovye kidole. Ya zamani isimwagwe mtaroni. Inafika Kafubu, na kabla ya Kafubu inapita karibu na visima vya watu. Ifunge kwenye chupa uipeleke garaji inayokusanya, pamoja na ile ya injini. Andika tarehe na kilomita kwenye kipande cha utepe, ubandike ndani ya boneti karibu na ile ya vidanje ya injini.